Injini kongwe za silinda nne kwenye dragi: zimekufa au zimeuawa?

#1 Mkaanga Klachi
Habari wakuu.

Siku hizi ukihesabu magari yaliyopanga foleni kwenye mbio za dragi (za kunyooka, robo maili) utakuta 1JZ na 2JZ, zile Toyota za silinda sita, Subaru tatu nne, na Altezza moja iliyokuja kupiga picha. 4A-GE, ile ndogo ya Toyota, hakuna. 3S-GTE, Toyota ya turbo, ni ya kutafuta kwa tochi. 4G63 ya Mitsubishi ukiiona ujue gari lilikuwa la rali. Na hizi ndizo zilizowafundisha mafundi wengi wa Dar maana ya turbo na kamshafti mbili.

Dai langu: hazikuuawa na ukosefu wa nguvu. Zimekufa kwa sababu vyuma vizima vimeisha. Kilichobaki kwa wauza spea wa Gerezani na Shaurimoyo ni bloku zilizochongwa mpaka hazina nyama na hedi zilizokwanguliwa mara tatu. Anayebisha alete vipimo.

#2 FarasiMia
Nabisha. Zimeuawa na hesabu.

Gari la kilo 1,000 pamoja na dereva, ili limalize robo maili (mita 402) kwa sekunde 12, linataka farasi 250 hivi. Kwa sekunde 10 linataka 435. Kwa sekunde 9, karibu 600. Kila asilimia moja unayoikata kwenye muda unailipa kwa asilimia tatu za nguvu. Sasa 4A-GE ya valvu 20, ile Black Top, ilitoka kiwandani na farasi 165 kwenye mizunguko 7,800, cc 1,587. Ukitaka 435 unaidai farasi 274 kwa kila lita. 2JZ-GTE ya cc 2,997 unaidai 145 kwa lita, inakupa ikiwa usingizini.

#3 Binti Gasketi
Usingizini huku inakoroma petroli. Haya endeleeni.

#4 Nyundo Mbili
FarasiMia, hesabu yako ni nzuri ila umejibu swali la mtu mwingine. Mleta mada hajasema 4A iifukuze 2JZ. Anauliza kwa nini haionekani hata kwenye daraja la magari madogo.

Vipimo hivi hapa. Silinda ya 4A-GE ni mm 81, mwendo wa pistoni mm 77. Za mwanzo zina mbavu tatu mgongoni mwa bloku, konrodi inashika krenki ya mm 40 na pini ya pistoni ni mm 18. Za baadaye zina mbavu saba, mm 42, pini mm 20. Ya kujengea turbo ni ya mbavu saba, ile nyingine pini inapinda kabla hujafika unakokwenda.

Ukiipata usilipe kabla ya kuipima. Geji ya silinda, sehemu tatu: sentimita moja chini ya ukingo, katikati, na kule chini ringi zinakoishia. Kila sehemu pima mara mbili, kufuata krenki na kuikatisha. Tofauti ikizidi mm 0.02, hiyo ni ya kuchonga. Kama imeshavaa ovasaizi kubwa (pistoni kubwa kuliko za kiwandani), achana nayo kwa turbo. Ukuta unabaki mwembamba, ukitia presha unatanuka, ringi zinakosa kushika, moshi unashuka kwenye sampu (trei la oili), na mwisho wa yote dipstiki inaruka na oili inalowesha manifoldi ya moto. Hapo unatafuta mtungi wa kuzimia moto, si plagi.

#5 Kijana wa Tabata
Wakuu samahani, kuna jamaa anauza Carina Ti anasema ndani ni 4A-GE. Inawezekana?

#6 Nyundo Mbili
Kutoka kiwandani hapana. Ti ina 5A-FE, cc 1,498. Black Top ilikuja kwenye Carina GT, Levin na Trueno za AE111, na Carib BZ Touring.

Inawezekana mtu kaihamishia, kwa hiyo usibishane naye, fungua kava ya juu ya mkanda wa taimingi. GE mkanda unazungusha gia mbili, kila kamshafti na yake. FE mkanda unashika gia moja tu, kamshafti ya pili inaburutwa kwa meno ndani ya hedi. Dakika tano, bolti chache za namba 10. Kava ya valvu usiiamini, inapakwa rangi.

#7 Waya Mwekundu
Wote mnazunguka mbuyu. Kilichoziua ni umeme wake.

4A-GE ya valvu 16 ina koili moja na distribyuta. Kwenye mizunguko 9,000 inatakiwa kupiga cheche 300 kwa sekunde, maana yake kila cheche imepewa milisekunde 3.33. Koili ya zamani inataka kama milisekunde 3 kujaa, na cheche yenyewe inadumu karibu 1. Muda hautoshi. Koili inapiga ikiwa nusu tumbo, ukiongeza presha ya turbo cheche inazimwa kama kibatari kwenye upepo. Watu wanasema "injini imeishiwa pumzi huko juu." Imeishiwa moto.

Injini mpya ina koili juu ya kila plagi, kila moja ina milisekunde 13.3 ya kujaa. Tofauti ya vizazi ni hiyo, chuma ni kilekile.

#8 Mkaanga Klachi
Mkuu #7 hiyo ni dawa ya jioni moja. Weka koili nne, weka kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kujipangia, umemaliza. Kifo gani hicho chenye dawa?

#9 Waya Mwekundu
Jioni moja kwa anayejua. Wengi wanabadilisha koili halafu wanaacha distribyuta ndiyo impe kontroli boksi habari ya krenki. Distribyuta inazungushwa na kamshafti, kamshafti inavutwa na mkanda, mkanda unanyumbuka. Juu ya 8,000 taimingi inacheza, na wewe ulishaipanga pembezoni kabisa mwa kugonga (mchanganyiko kulipuka wenyewe). Pistoni inatoboka, lawama anapewa fundi wa turbo.

Ukitaka kufanya kazi, funga gurudumu la meno 36 lililopunguzwa moja kwenye puli ya krenki. Kila jino ni nyuzi 10. Sensa ikae karibu mm 1 kutoka kwenye meno, na kishikio chake kifungwe kwenye bloku. Usikifunge kwenye kava ya mkanda, kava inatetemeka. Tafuta kilele cha pistoni ya kwanza kwa geji ya saa kupitia tundu la plagi, usikisie kwa bisibisi. Halafu funga taimingi kwenye nyuzi 10 ndani ya kontroli boksi na uhakikishe kwa taa. Taa ikisoma 10 kwenye mizunguko 1,000 na ikasoma 7 kwenye 6,000, namba ya kuchelewa kwa sensa uliyoijaza si yake. Rekebisha hiyo kwanza, mambo ya mafuta yasubiri.

#10 Mpenda Altezza
Salaam. Msisahau 3S-GE ya Altezza, nayo ni ya zamani sasa. Hizi zimejaa mjini, spea zipo. Nasikia ukiweka gasketi nene ya hedi unashusha kompresheni (kiasi mchanganyiko unavyobanwa), unafunga turbo moja kwa moja. Kwa nini watu hawafanyi?

#11 Binti Gasketi
Kwa sababu ya mm mbili na nusu.

Altezza RS200 ni cc 1,998, silinda mm 86 kwa mm 86, kompresheni 11.5. Kila silinda ina cc 499.5. Kwenye 11.5 chumba cha juu kina cc 47.6. Ukitaka kompresheni 9 unahitaji cc 62.4, yaani uongeze karibu cc 15. Eneo la silinda ya mm 86 ni sentimita za mraba 58. Gawanya: unahitaji kuinua hedi mm 2.5 na ushee, juu ya gasketi iliyopo. Ukiinua hedi kiasi hicho kamshafti zote zinachelewa kwa sababu mkanda umevutwa, ule ukingo wa hedi unaotakiwa kuusukuma mchanganyiko katikati haufanyi kazi tena, na injini inaweza kugonga hata ikiwa na kompresheni 9. Umeshusha namba, umepandisha tatizo.

Njia ni pistoni. Fumua, tia pistoni za kufuliwa za 8.5 au 9, na konrodi za kufuliwa ukiwa huko huko chini. Halafu jiandae na gia boksi: hiyo ya spidi 6 haipendi klachi ya kutupwa ghafla na tairi inayoshika. Wengi wanaoijenga Altezza ya turbo kwa dragi wanaishia kutafuta R154, gia boksi ngumu zaidi ya Toyota.

#12 Mpenda Altezza
Asante dada. Naendelea kupiga picha.

#13 Evo Mbovu
Mnaacha mfalme. 4G63 haikufa popote. Kuanzia Galant VR-4 mpaka Evo X (Lancer Evolution) ni injini ileile, bloku ya chuma, mm 85 kwa mm 88. Duniani huko ndiyo silinda nne inayoogopwa kuliko zote kwenye robo maili.

#14 Nyundo Mbili
Hadi Evo IX, mkuu. Evo X ni 4B11, bloku ya aluminiamu, mm 86 kwa 86, mnyororo badala ya mkanda. Na kuanzia Evo IV injini iligeuzwa upande, kwa hiyo manifoldi ya Evo III haiingii kwenye Evo IV hata ukilia.

Ukinunua 4G63 uliza kwanza bolti za flaiwili ni sita au saba. Za sita ndizo za zamani, konrodi nene. Za saba za miaka ya tisini zina ugonjwa wa krenki kutembea: beringi inayoizuia isiende mbele na nyuma inalika. Dalili yake ni klachi kubadilika ukikata kona, pedali inashuka au inapanda. Hakikisha kwa geji ya saa kwenye pua ya krenki: sukuma kwa bisibisi nene kwenda nyuma, vuta mbele, soma tofauti. Ikipita robo milimita usiendelee kuishangilia.

#15 Evo Mbovu
Nimekubali ya Evo X. Ila na nyinyi semeni ukweli, nyingi hapa mjini zimekufa kwa mkanda mdogo. Ile mikanda ni miwili: mkubwa wa taimingi, na mdogo wa shafti za kutuliza mtetemo. Mdogo ukikatika unaingia kwenye mkubwa, mkubwa unaruka meno, valvu zinabusu pistoni. Fundi anabadilisha mkubwa tu kwa sababu mdogo "bado mzuri." Kwa dragi toa zile shafti kabisa, ila beringi zake zigeuze ili matundu ya oili yazibe. Usipozigeuza, presha ya oili inavujia humo na beringi za konrodi zinaanza kuimba taarabu.

#16 FarasiMia
Kwa hiyo mnakubaliana nami. Vitu vyote hivyo ili ukifukuze kilichokuja kimekamilika.

#17 Bondia Wa Ilala
Mbona hamtaji Subaru? EJ20 ni silinda nne, ni ya zamani, ipo kila mtaa. Kwa hiyo kichwa cha habari chote cha mada ni uongo.

#18 Binti Gasketi
Kweli ipo. Hata Japani iliendelea hadi 2019, wakaifunga kwa matoleo 555 ya mwisho. Ila ipo kwa sababu magari yake yanaendelea kuuzwa mkononi, si kwa sababu inapenda dragi. Silinda mm 92, mwendo mm 75, krenki fupi iliyobanwa na beringi tano, kuta zake kati ya beringi ni nyembamba kama chapati. Pistoni za kusubu, zisizofuliwa, zinavunjika ule mdomo wa ringi, mara nyingi kabla mwenye gari hajasikia kugonga kwa sababu boxer (injini ya silinda zilizolala) inanguruma. Na bomba la kunyonyea oili kwenye sampu linapasuka kwenye kiungo chake. Hilo la bomba badilisha kabla hujagusa kitu kingine, ni kitu kidogo kinachoua injini nzima.

#19 Bondia Wa Ilala
Chapati imenigusa.

#20 Mzee wa Magogoni
Vijana, hadithi hii ni ya zamani kuliko mnavyodhani. Injini ya silinda nne ilishazikwa mara moja huko Marekani, kabla hamjaijua Toyota.

Kwenye maziwa makavu ya California, Muroc na mengine, walikuwa wakikimbiza Ford Model A: silinda nne, cc 3,285, farasi 40. Waliivua hedi ya kiwandani wakatia za Riley au Cragar zenye valvu juu, ikawa moto. Mwaka 1932 Ford akaleta V8 yenye farasi 65 kwa bei ya gari la mtu wa kawaida. Waliojenga silinda nne waliendelea kushinda kwa muda kwa sababu walizijua, lakini kila kijana mpya alianzia kwenye V8. Kwa hiyo hazikushindwa siku moja, zilikosa warithi. Halafu V8 ile ya Ford nayo ikazikwa na Chevrolet ya 1955. Wakati huo NHRA, chama cha dragi cha Marekani, ilikuwa imeshaanzishwa, 1953.

#21 Kichwa Maji
NHRA ni 1951 mzee wangu, mwanzilishi Wally Parks. Mwaka 1953 ndipo walipofanya mbio zao za kwanza rasmi, kule Pomona.

#22 Mzee wa Magogoni
Sawa mwanangu, 1951. Hoja inabaki palepale.

#23 Mpima Upepo
Na hamjazungumzia hewa. Mnasoma namba za watu wa Nairobi halafu mnashangaa za kwenu. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, presha ya hewa ni kama kPa 82 wakati Dar ni 101. Hata kwa joto letu la nyuzi 32, mita moja ya ujazo ya hewa hapa ina kilo 1.16, Nairobi kwenye nyuzi 25 ina 0.96. Tofauti ya asilimia 17. Injini isiyo na turbo inayopata farasi 165 hapa, kule inaachwa na 137 hivi. Ndiyo maana kwenye miji ya juu turbo ilishinda mapema na 4A ya kupumua yenyewe haikupewa hata nafasi. Hapa kwetu pwani ilikuwa na kila sababu ya kuishi.

#24 FarasiMia
Hewa yetu ina maji ndani yake.

#25 Mpima Upepo
Ina maji, inakula asilimia mbili tatu. Haifuti 17. Shida ya Dar ni joto chini ya boneti: gari likikaa kwenye foleni dakika kumi, hewa inayoingia inafika nyuzi 60. Bomba la kuvutia hewa lipelekwe mbele ya rejeta, si juu ya manifoldi kama wanavyofunga wengi kwa sababu filta inapendeza ikionekana.

#26 Kijana wa Tabata
Wakuu na mafuta je? Nasikia watu wanatumia spiriti. Mbona tusitumie gongo, ni ethanoli ileile na inapikwa hapahapa?

#27 Binti Gasketi
Gongo nusu yake ni maji, na siku nyingine zaidi. Hata mtambo mzuri kiasi gani, kwa kupika tu ethanoli haivuki asilimia 95.6 kwa uzito. Spiriti ya dukani nayo imetiwa vitu ili watu wasiinywe.

Hata ukiipata safi, petroli inachomwa kwa hewa mara 14.7 ya uzito wake, ethanoli mara 9, methanoli mara 6.4. Kwa hiyo ethanoli unaongeza mafuta zaidi ya asilimia 60 kwa uzito, methanoli zaidi ya mara mbili. Zile farasi 435 za FarasiMia kwa petroli na turbo zinataka nozeli za cc 850 kwa dakika, nne, zikifanya kazi asilimia 80 ya muda. Piga hesabu mwenyewe za methanoli zitakuwa kubwa kiasi gani, halafu pampu, halafu mipira yote ya zamani inayoyeyuka. Methanoli ni sumu hata kwa kugusa, na moto wake mchana hauonekani. Usiichezee bila mtu anayeijua.

#28 Bondia Wa Ilala
Gongo abakishiwe dereva aliyeshindwa.

#29 Kichwa Maji
Turudi kwenye mada. Naona mmeacha kitu kikubwa: gari lenyewe. 4A-GE nyingi tulizonazo zimo kwenye AE101 na AE111, zinavuta mbele. Ukiondoka uzito unakwenda nyuma. AE101 ina mita 2.46 kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Kitovu cha uzito kikiwa nusu mita kutoka chini, ukiondoka kwa 0.6 g (g ni mvutano wa dunia), asilimia 12 ya uzito wa gari inahama kutoka tairi za mbele. Yaani tairi zinazosukuma zinapunguziwa mzigo wakati ule ule unapozihitaji. 2JZ kwenye Chaser, inayosukuma nyuma, inafaidika na jambo hilohilo. Injini haikushindwa, ilifungwa upande mbaya wa gari.

Na nimsahihishe FarasiMia #2: hizo 435 ni za kwenye krenki. Kwenye tairi hazifiki zote.

#30 Nyundo Mbili
Ongeza na oili hapo. Ukiondoka kwa 1 g, oili kwenye sampu inalala nyuzi 45. Injini ikiwa imekaa kwa upana wa gari, yote inarundikana ukuta wa nyuma na mdomo wa pampu unabaki unanyonya hewa. Sekunde moja tu kwenye mizunguko 8,000 inatosha kula beringi ya konrodi. Kata bati la mm 2, lichomelee ndani ya sampu kama kisanduku kuzunguka mdomo wa pampu, weka vimlango vya bawaba vinavyofunguka kwa ndani tu, na ongeza nusu lita juu ya alama. Kazi ya saa tatu kwa mchomeleaji mwenye mkono mwepesi. Nusu ya "4A dhaifu" zilizofumuliwa zina beringi nyeusi, pistoni nzima.

#31 Mkaanga Klachi
Kwa hiyo mpaka sasa tuna wauaji: vyuma kuisha, hesabu, umeme, mkanda mdogo, hewa, gari kuvuta mbele, oili, na kukosa warithi. Kuna mwingine?

#32 Mtu wa Bandarini
Ushuru wa uchakavu. Gari likizidi umri linatozwa zaidi, kwa hiyo mnunuzi anachukua la karibuni. La karibuni lina 1NZ au 2ZR, Toyota za kizazi kipya, mnyororo na koili nne, limeundwa kubana mafuta. Zamani injini nzuri zilikuja bure ndani ya magari ambayo mtu alinunua kwa kwenda kazini. Sasa 4A-GE ikija inakuja kama injini, na muuzaji anajua ni nini. Bei yake inaanza kufanana na kiwanja Chanika.

#33 Mzee wa Magogoni
Kuna mwingine pia: mfumo wa mashindano. Kule kwenye dragi za kupangiana muda kila dereva anaandika muda anaotegemea. Mmoja ameandika 14.20, mwingine 11.70: mwenye 14.20 anaondoka sekunde 2.5 mbele. Taa tatu za njano zinashuka kwa nusu sekunde kila moja, kisha kijani. Anayefika kwanza anashinda, ila ukikimbia chini ya muda uliouandika umepoteza. Kwa mfumo huo Corolla yenye injini kongwe ya 4K inaweza kuitoa 2JZ, kwa sababu kinachopimwa ni kurudia kilekile. Injini kongwe zisizo na turbo zinaupenda mfumo huo, kwa sababu hazibadilikibadiliki. Sisi tunashindana nani kafika kwanza tu. Kwa utaratibu huo kila kitu kidogo kitakufa.

#34 FarasiMia
Mzee, nani atasafiri kwenda kutazama Corolla ya sekunde 14 inashinda?

#35 Mzee wa Magogoni
Mwenye Corolla.

#36 Evo Mbovu
😂😂 FarasiMia kaa chini.

#37 Kichwa Maji
Nikiongezea kwa mzee: Puerto Rico mpaka leo wanakimbiza Corolla za zamani zenye 2T na 3T. Ile 3T-C ni cc 1,770, mm 85 kwa 78, kamshafti moja chini kwenye bloku inayosukuma valvu kwa vijiti! Hedi yake ya nusu tufe inapitisha hewa vizuri, wakaitia turbo, wakajenga jina. Afrika Kusini nako Golf za valvu 8 zenye turbo zimepiga kelele sana kwenye uwanja wa dragi wa Tarlton, na huko ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kwa hiyo nadharia ya #1 ya vyuma kuisha haitoshi. Vyuma vyao ni vikongwe kuliko vyetu.

#38 Mkaanga Klachi
Wao wana wachongaji wa kila kipande. 4G63 leo huko duniani unanunua bloku mpya iliyochongwa kutoka pande zima la aluminiamu. Sisi tunategemea kilichotolewa kwenye gari la mtu. Nadharia yangu inasimama.

#39 Kijana wa Tabata
Wakuu nimerudi. Nimefungua kava kama #6 alivyosema. Gia mbili! Na bloku ina mbavu saba. Hedi imeshatolewa kwa hiyo silinda zinaonekana. Muuzaji anasema ni standadi, haijachongwa. Geji ya silinda hatuna hapa.

#40 Nyundo Mbili
Una bahati kuliko akili. Tafuta ringi mpya moja ya juu ya standadi, hata dukani wakuazime, na fila geji. Itie kwenye silinda, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, pima pengo la ncha zake ikiwa sentimita moja kutoka juu. Halafu isukume mpaka chini, pima tena. Silinda ikitanuka mm 0.1 pengo linaongezeka mm 0.31. Gawanya tofauti kwa 3.14 unapata silinda imepanuka kiasi gani juu kuliko chini.

Ukiwa hapo tembeza kucha kwenye ukingo wa juu. Ikikwama, hata usihangaike na ringi.

#41 Kijana wa Tabata
Kucha imekwama kidogo. Ringi: juu 0.62, chini 0.34.

#42 Binti Gasketi
0.28 gawa 3.14, ni mm 0.09. Mara nne na nusu ya ile 0.02.

#43 Nyundo Mbili
Ya kuchonga. Lakini kama ni kweli standadi, ovasaizi ya 0.5 inaisafisha na ukuta unabaki. Bila turbo inakufaa kabisa. Angalia hedi: rula ya chuma kwa mishazari yote miwili, fila ya 0.05 isipite. Bolti za hedi nunua mpya. Kukaza ni Nm 29, kisha nyuzi 90, kisha 90 tena, kuanzia katikati kwenda nje.

#44 Mkaanga Klachi
Mmeona? Imetafutwa, imepatikana, na bado ni ya kuchonga. Ndiyo nilichosema #1.

#45 FarasiMia
Kijana, kabla hujalipa uliza pia bei ya 1JZ.

#46 Kijana wa Tabata
Nimeuliza. Naweka rula kwenye hedi kwanza.